Nyaatha wa Gikondi na wapagazi waliofia pwani yetu



Safu ya wiki hii nimemwandikia mtawa wa Kikatoliki. Najua wapo watakaouliza kama pwani yetu imeishiwa na masheikh na mabibi wa kheri wa kuandikwa. Haijaishiwa. Lakini wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na huyu ana haki juu yetu. Miaka migumu zaidi ya maisha yake aliipitisha huku kwetu, Voi, Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam, akiwauguza watu ambao wakubwa wa wakati ule waliwaweka mwisho wa foleni kwa ajili ya rangi yao na kazi yao.

Nyumbani kwao aliitwa Mercede Stefani. Utawani akapewa jina la Irene. Wakikuyu wa Nyeri wakampa jina lao wenyewe, Nyaatha, yaani mama mwenye huruma, na jina hilo ndilo lililobaki.

Mara ya kwanza kulisikia likitajwa kwa mapenzi ilikuwa Kenol. Mpwa wangu ameoa huko, na mwaka juzi sisi jamaa wa upande wa mume tulisafiri kutoka Mombasa kwenda kuonana na wakwe. Kwa asiyepajua, Kenol ni mji wa njia panda katika kaunti ya Murang'a, ulioitwa kwa jina la kituo cha mafuta. Ukitoka Nairobi ukaipita Thika na mashamba ya mananasi, unafika hapo, na barabara zinagawanyika, moja kwenda Murang'a mjini, nyingine kwenda Sagana, Karatina na Nyeri. Ni mji wa matatu, matunda na kelele za makanga. Baada ya chai, mkwe wetu mzee alituuliza kama tunaijua Voi. Tukacheka, kwani Voi ni njia yetu ya kila siku. Yeye hakucheka. Akatusimulia kuwa babu yake alichukuliwa kariakoo wakati wa vita vya kwanza, akaumwa tumbo, akalazwa Voi, na aliporudi mlimani alikuwa mifupa mitupu. Ndugu zake wawili hawakurudi, wala hakuna aliyeonyeshwa kaburi lao. Kisha akamtaja Nyaatha na wenziwe, kwamba kama si watawa wale, hata babu yake asingerudi.

Tangu siku ile nimekuwa nikimsoma huyu mama. Naomba mnifuate niyaeleze maisha yake, kisha niseme lililo moyoni.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia, kwenye milima na ziwa. Nyumba yao ilikuwa ya watoto kumi na wawili. Mwaka 1911 alikwenda mji wa Turin kujiunga na masista wa Consolata, shirika lililokuwa changa kabisa, limeanzishwa mwaka mmoja tu kabla yake na padri Giuseppe Allamano. Mapadri wa shirika hilohilo walikuwa wameshafika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, wakapokelewa Tuthu, huko huko Murang'a, na chifu Karuri wa Gakure. Irene aliweka nadhiri zake Januari 1914, na mwanzoni mwa 1915 alikuwa ameshavuka bahari, ameteremka Mombasa, na amepanda mpaka Nyeri. Alikuwa na miaka 23.

Alipofika, vita vilikuwa vimeshawaka. Wazungu waligombana kwao Ulaya, na ugomvi ukaletwa mpaka mlangoni petu, Waingereza wakiwa Kenya na Wajerumani wakiwa Tanganyika. Vita vyenyewe vilipiganwa mahali pasipo barabara, na punda na farasi wakifa kwa ndorobo. Kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa lilibebwa kichwani na mtu mweusi. Mtu huyo alikuwa mpagazi. Waingereza waliunda kikosi chao wakakiita Carrier Corps, na ndimi zetu zikalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo. Wanaokwenda kununua nguo Kariakoo ya Dar es Salaam, au kula nyama choma Kariokor ya Nairobi, wanatembea juu ya jina la kambi za watu hao.

Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu wenyeji kuchukuliwa kwa nguvu. Mwaka 1917 ukaja msako mkubwa, machifu wakatakiwa watoe idadi, na idadi ikatoka. Kutoka Kenya pekee walichukuliwa zaidi ya watu laki moja na nusu. Sisi wa mwambao hatukusazwa. Wagiriama waliosimama mwaka 1914 pamoja na Mekatilili wa Menza kukataa kutoa vijana wao walipigwa, wakatozwa faini ya rupia 100,000, na juu yake wakadaiwa wanaume 1,000 wa kazi. Wa Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo, na wa Nyeri waliteremka kwa miguu mpaka Thika, ambako reli ilikuwa imeishia. Kenol yenyewe haikuwapo, lakini nyanda zile ndizo walizozipita. Kutoka hapo wakaingizwa kwenye mabehewa kuletwa Voi, au Kilindini kupakiwa melini kwenda Kilwa na Lindi.

Tukisikia vita tunadhani watu wale waliuawa kwa risasi. Wengi waliuawa na tumbo, mapafu na homa. Mtu wa mlima, aliyezoea baridi, viazi vitamu na ndizi, aliteremshwa ghafla kwenye joto na mbu wa pwani ambao mwili wake haukuwajua. Akapewa unga wa mahindi unaotaka kupikwa muda mrefu, bila sufuria ya kutosha, bila kuni kavu, bila nafasi ya kukaa. Akaula mbichi nusu. Unga ule ukamchubua matumbo, akaanza kuhara damu. Usiku akalala mvuani na blanketi moja jembamba, mapafu yakajaa. Asubuhi akabebeshwa tena mzigo wa kilo 25. Oscar Watkins, ofisa aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho, aligombana na wakubwa wa jeshi juu ya chakula na nguo za wapagazi. Kwa hiyo hawawezi kusema hawakuambiwa.

Hesabu rasmi za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa wakiwatumikia. Mfano mdogo unaotuhusu watu wa bahari ni Shelisheli. Mwishoni mwa 1916 visiwa vile vilipeleka Kilwa wanaume wapatao 800. Katika miezi michache zaidi ya 300 walikuwa wameshakufa, karibu wote kwa maradhi, hata hao wengine ikabidi warudishwe makwao.

Sasa tuangalie hospitali. Jeshi lilipanga wagonjwa kama lilivyopanga watu. Ofisa na askari wa Kizungu walikuwa na hospitali yao, yenye kitanda, shuka, na madaktari wa kutosha. Askari wa Kihindi alikuwa na yake. Askari mweusi wa KAR alifuata baada yao. Mpagazi alikuwa wa mwisho. Hospitali yake ilikuwa mabanda marefu ya nyasi na makuti, wengi wakilala chini, na daktari mmoja akitazama watu wengi mno hata asiweze kuwajua kwa nyuso. Maradhi yalikuwa yale yale, maana mbu wa Kilwa hachagui ngozi. Tofauti ilikuwa ni nani anaandikiwa kitanda, na nani anaandikiwa namba tu.

Huko ndiko Sista Irene alikopelekwa kuanzia Agosti 1916, pamoja na masista wenziwe. Alianzia Voi, mwanzo wa reli ya vita iliyokwenda Maktau na Taveta. Baadaye akapelekwa Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Alikaa katika kazi hiyo mpaka 1919.

Kazi yenyewe haina cha kupambwa. Ilikuwa kuosha vidonda vilivyooza, kufunga bendeji, kubadilisha mikeka ya watu walioishiwa nguvu ya kutoka nje, kuwalisha uji kijiko kwa kijiko wasioweza kuketi, na kufukuza nzi. Wanaume wa makabila mengi, wengi hawaelewani kwa lugha zao, walikuwa wamelala safu kwa safu, na kilichowaunganisha kilikuwa Kiswahili chetu cha kuokota njiani. Naye akajifunza hicho hicho. Wanaosimulia maisha yake wanasema jambo lililowashangaza wagonjwa ni kuwa aliwajua kwa majina. Ukikumbuka kwamba jeshi lilimjua mpagazi kwa namba iliyochorwa kwenye kidani cha bati, utaona kwa nini walishangaa.

Kuna kisa kimoja cha Kilwa ambacho Wakatoliki wa Nyeri hukisimulia sana. Inasemekana siku moja alirudi wodini akamkosa mgonjwa wake mmoja. Akaambiwa amekufa, amebebwa pamoja na maiti wengine mpaka ufukweni. Akaenda huko. Akaanza kuinua mwili mmoja baada ya mwingine katika lundo, mpaka akamfikia mtu wake, na mtu huyo akawa angali anapumua. Akatafuta watu wakamrudisha kitandani.

Mimi katika kisa hiki namtazama Nyaatha, na pia naliangalia lundo. Huu ni ufuko wa Kilwa, ambako wazee wetu wamejenga misikiti ya mawe tangu karne nyingi, ambako maiti hata wa maskini wa mwisho huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa na kuzikwa kwa heshima. Hapo hapo watoto wa watu waliotolewa Murang'a, Ukambani, Nyanza na Giriama walirundikwa kama kuni, kwa haraka hata hakuna aliyehakikisha kama wamekufa kweli. Hospitali ya Wazungu isingerundika Mzungu aliye hai.

Hapa sharti niseme jambo lingine, kwa sababu nisiposema mtaniuliza barazani. Nyaatha aliwabatiza watu waliokuwa wakikata roho. Waandishi wa Kikatoliki wanalihesabu hilo katika fahari zake kubwa na wanataja maelfu. Mimi Muislamu sioni hivyo. Mtu mwenye homa kali, aliye ugenini, anayemtegemea muuguzi kwa kila tone la maji, hayuko katika hali ya kuchagua dini, na kati ya wapagazi walikuwamo Waislamu. Katika jambo hilo mimi na wanaomtukuza hatuafikiani, na sioni sababu ya kulificha chini ya jamvi. Lakini haki haigawanyiki. Mikono iliyobatiza ndiyo hiyo hiyo iliyoosha damu na kinyesi cha watu ambao wengine hawakutaka hata kuwakaribia. Malipo yake yako kwa Mola wake, na Yeye ni mjuzi zaidi.

Vita vikaisha. Angalieni kila mmoja alipata nini. Serikali ya Kenya ilianzisha mwaka 1919 mpango wa kuwagawia ardhi wanajeshi wa Kizungu waliopigana, na sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa huko huko karibu na Mlima Kenya, upande wa Nanyuki na Laikipia. Mpagazi aliyerudi alivishwa kipande shingoni. Mshahara wa wapagazi waliokufa, ambao jamaa zao hawakupatikana au hawakutafutwa, ulibaki mikononi mwa serikali, na familia nyingi hazikuuona mpaka leo.

Nyaatha akarudi mlimani. Mwaka 1920 alipelekwa misheni ya Gikondi, upande wa Mukurwe-ini, kusini mwa Nyeri, akakaa huko miaka kumi. Alifundisha shuleni, lakini watu wanamkumbuka zaidi kwa kutembea. Alipanda na kuteremka mabonde yale kwa miguu, kutoka boma moja hadi jingine, kutazama wagonjwa na wanawake waliojifungua. Hospitali zilikuwa chache. Waskochi walikuwa na yao Tumutumu, karibu na Karatina, na misheni za Consolata zilikuwa na vituo vyao vidogo vya dawa. Kwa mama wa Gikondi aliyeshikwa na uchungu usiku, mkunga wa kijiji na miguu ya sista ndiyo iliyokuwa karibu.

Alikuwa na kazi nyingine inayonigusa mimi mwandishi. Vijana wengi wa Gikondi walikuwa wamekwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa. Mama zao hawakujua kuandika. Basi walikuja kwake, wakamwambia yaliyo moyoni, naye akaandika barua. Majibu yakija, akawasomea. Kwa hiyo katika miaka ile ya ishirini walikuwapo vijana wa Kikuyu hapa Mombasa, labda Majengo, labda bandarini Kilindini, waliopokea habari za mama zao kwa mwandiko wa mtawa yule yule aliyekuwa amewafunga vidonda baba zao Voi.

Mwaka 1930 tauni iliingia sehemu za Gikondi. Mwalimu mmoja wa misheni akaugua, na Nyaatha akaenda kumhudumia akijua vizuri maradhi yale yanavyoambukiza. Mwalimu akafariki. Siku chache baadaye yeye mwenyewe akalala kitandani. Tarehe 31 Oktoba 1930 akafa, akiwa na miaka 39. Alikuwa ameishi Afrika miaka kumi na tano na kitu.

Tarehe 23 Mei 2015 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi huko Nyeri, mbele ya umati mkubwa. Ilikuwa mara ya kwanza sherehe ya namna hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Habari ya muujiza wanaomhesabia huko Nipepe, Msumbiji, nawaachia wenyewe.

Hayo ndiyo maisha yake. Lililo moyoni mwangu ni hili.

Tumezoea kumsifu mwenye huruma na kusahau kuuliza kwa nini huruma yake ilihitajika. Nyaatha angekuwa mmoja, angekuwa mia, asingeweza kufidia unga uliopikwa nusu, blanketi lililopunguzwa na daktari asiyetosha. Mambo hayo yaliamuliwa mezani na watu waliokuwa na akili timamu, waliojua kuhesabu, na waliokuwa wameambiwa. Waliamua kwamba uhai wa mpagazi ni rahisi. Huruma ya mtawa iliokoa watu kadhaa, na Mwenyezi Mungu amlipe kwa kila mmoja. Lakini mpango wenyewe uliua makumi ya maelfu, na hakuna aliyeshtakiwa.

Na mpango huo haukufa na vita. Ulihamia mijini ukavaa nguo safi. Nairobi, watu weusi walikuwa na Native Civil Hospital, iliyoanza mwaka 1901 na vitanda 40, ambayo mwaka 1952 ikapewa jina la King George VI na baada ya uhuru ikawa Kenyatta. Wazungu wakajengewa European Hospital, iliyofunguliwa mwaka 1954, ambayo leo ni Nairobi Hospital. Mombasa vilevile, wazee wetu wanakumbuka hospitali ya Wazungu kule upande wa bahari, Wahindi wakijijengea yao kwa michango, hiyo Pandya ya mwaka 1947, na Mswahili, Mmijikenda na mtu wa bara wakielekezwa kwenye hospitali ya wenyeji. Dar es Salaam, Wajerumani walijenga hospitali nzuri ya Ocean Road, penye upepo wa bahari, kwa ajili ya Wazungu. Mweusi na Mhindi waliachiwa hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, tajiri Muislamu wa Bagamoyo mwenye asili ya Kihindi, aliyefariki mwaka 1897. Jina lake liko hai mpaka leo katika wodi ya Sewahaji pale Muhimbili. Angalieni tena: serikali inatenga, na mtu mwenye huruma anaziba pengo kwa fedha zake.

Leo hakuna kibao mlangoni kinachosema huku Wazungu, huku wenyeji. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Lakini foleni bado ina mwisho wake, na sasa mfuko ndio unaoipanga. Mwaka uliopita shangazi yangu alipelekwa usiku akiwa hapumui vizuri. Katika hospitali ya kwanza, ambayo sitaitaja, karani aliuliza kwanza fedha za amana, kisha bima, na ndipo akauliza anaumwa nini. Simu ya bima ilipokataa kufunguka, tulisimama mlangoni na mgonjwa wetu kwenye kiti cha magurudumu mpaka jamaa wakachanga kwa M-Pesa. Alipona, alhamdulillahi. Waliokuwa nyuma yetu kwenye benchi hawakuwa na jamaa wa kuchanga.

Najua mtaniambia siku hizi tuna SHA. Iliingia Oktoba 2024 mahali pa NHIF, na mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Sina ugomvi na kukatwa, mradi kadi ifungue mlango. Mvuvi wa Kizingitini au mkulima wa Tarasaa anayemleta mgonjwa mpaka Mombasa kwa mashua na gari la kukodi ana haki ya kukuta kitanda, na mtu wa kumwita mgonjwa wake kwa jina. Tukiishia kumshukuru muuguzi mmoja mwema aliyenunua dawa kwa fedha zake, tutakuwa tumerudia ya Voi, tumemsifu Nyaatha na tumewaachia wenye meza.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwenu.

La kwanza, wajumbe wa mabaraza ya kaunti wakija kuomba kura au kunywa kahawa barazani, waulizeni kwa hesabu. Hospitali ya kaunti ina wauguzi wangapi zamu ya usiku? Dawa ziliisha siku ngapi mwezi uliopita? Nani alirudishwa mlangoni, na kwa nini? Maswali ya hesabu hayajibiwi kwa dua wala kwa tisheti.

La pili, nendeni mkayaone makaburi ya vita ya Voi na Taveta. Mtaona mistari iliyonyooka ya mawe yenye majina ya wanajeshi wa Kizungu, na yanatunzwa vizuri, kama inavyostahili. Kisha tafuteni majina ya wapagazi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Pale Mombasa mjini tunayo sanamu ya Askari, tunapita mbele yake kila siku tukienda sokoni. Iko kwa ajili ya askari na wapagazi wote kwa jumla, bila jina la hata mmoja. Kaunti ya Taita Taveta ikishirikiana na Murang'a na Nyeri wangeweza kuweka Voi ukuta wa majina yatakayopatikana. Gharama yake haifikii ya tamasha moja la kaunti.

La tatu ni la nyumbani. Kama katika ukoo wenu kuna mzee aliyetajwa kuwa alikwenda kariakoo, andikeni jina lake, jina la baba yake, kijiji alichotoka na kama alirudi. Waulizeni wakongwe wangali hai. Wakwe zetu wa Kenol wameshaandika majina matatu kwenye daftari la shule. Mimi nimeanza kuuliza upande wa mama yangu, Rabai na Jomvu. Atakayekuwa na jina na alilete hapa, tutalichapisha.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa bila sanda katika ufuko wetu, na awape subira walio mlangoni mwa hospitali usiku wa leo. Wallahu a'lam. Tuonane wiki ijayo, inshaallah.